Jinsi ya Kusahihisha Kazi za Wanafunzi Zinazochambua Taasisi

Katika kozi nyingi za utawala, usimamizi wa biashara, ushirika na sayansi ya siasa, mwanafunzi huagizwa angalau mara moja achague taasisi, aichunguze, kisha aandike kurasa kumi au kumi na tano akieleza inavyofanya kazi na kwa nini inafanikiwa au inakwama. Ni zoezi zuri kuliko mengi tunayowapa, kwa sababu linamtoa mwanafunzi kwenye madokezo ya darasani na kumkutanisha na mambo yenyewe: ofisi, mafaili, watumishi na wateja waliopanga foleni dirishani. Hata hivyo, ni zoezi gumu kulisahihisha. Swali la hesabu lina jibu lake. Kazi ya namna hii haina jibu moja, na msahihishaji asiyejiandaa hujikuta akitoa alama kwa urefu wa kazi, kwa unadhifu wa uchapaji au kwa ufasaha wa Kiingereza, huku jambo alilokusudia kulipima likimpita.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahadhiri, wahadhiri wasaidizi na walimu wa vyuo vya kati wanaopokea rundo la kazi hizo kila muhula. Mfano nitakaoutumia ni Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, kwa kuwa ni taasisi ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma kwa urahisi, na historia yake inajulikana vya kutosha kumwezesha msahihishaji kutenganisha uchambuzi na maneno yaliyopangwa vizuri tu.

Amua unachopima kabla ya kufungua kazi ya kwanza

Uonevu katika usahihishaji wa kazi hizi huanza kabla kalamu haijagusa karatasi, pale msahihishaji anapoanza kusoma bila kujua anatafuta nini. Kazi ya kwanza ikiwa dhaifu, ya pili ataiona nzuri kupita kiasi. Akifika ya ishirini akiwa amechoka, ataihukumu kwa ukali ambao ya tatu haikuupata. Dawa yake ni kuandika vigezo katika nusu ukurasa, pamoja na uzito wa kila kigezo, na kuwapa wanafunzi nusu ukurasa huo huo siku swali linapotolewa. Kazi za muhula katika vyuo vyetu vingi huchangia alama 40 kati ya 100 za kozi, na si haki mwanafunzi agundue baada ya kurudishiwa kazi kwamba kitu kilichomnyima daraja hakikuwahi kutajwa.

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa kazi ya alama 100 ni alama 35 kwa uchambuzi wenyewe, yaani kueleza jinsi jambo moja ndani ya taasisi linavyosababisha jingine. Alama 25 kwa ushahidi na namna ulivyokusanywa na kupimwa. Alama 15 kwa kulibana swali, yaani kuchagua tatizo mahususi badala ya kuielezea taasisi nzima. Alama 15 kwa mapendekezo. Na 10 zinazobaki kwa mpangilio, lugha na marejeo. Wapo wenzetu wanaotoa alama 30 kwa mpangilio na marejeo kwa hoja kwamba mwanafunzi lazima ajifunze kuandika kitaaluma. Sikubaliani nao. Kazi iliyopangwa vizuri isiyoeleza lolote ikipata alama 65, darasa zima hupokea ujumbe kwamba kufikiri si lazima, na ujumbe huo hufika bweni zima kabla ya jioni.

Kipimo kimoja kinapaswa kukaa akilini tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Futa jina la taasisi kwenye aya unayoisoma, weka jina la taasisi nyingine yoyote, kisha ujiulize kama aya hiyo bado ni kweli. Sentensi isemayo kwamba TAZARA inakabiliwa na uhaba wa fedha, miundombinu chakavu na upungufu wa watumishi wenye ujuzi inaweza kuhamishiwa kwenye mamlaka ya maji, hospitali ya wilaya au chuo chenyewe, na hakuna atakayestuka. Sentensi isemayo kwamba TAZARA inamilikiwa nusu kwa nusu na serikali mbili, na kwamba kwa sababu hiyo mtaji wake unategemea makubaliano ya hazina mbili, haiwezi kuhama. Kazi ambayo aya zake nyingi zinaweza kuhama haijachambua taasisi, hata kama kila kilichoandikwa humo ni sahihi.

Ili kipimo hicho kifanye kazi, nawe lazima uijue taasisi. Andaa ukurasa mmoja wa mambo ya msingi. Kwa TAZARA, ukurasa huo ungekuwa na mambo kama haya: reli ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, ilitokana na hitaji la Zambia kupata njia ya baharini isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), waliojitangazia uhuru mwaka 1965, makao makuu yako Dar es Salaam, na uendeshaji umegawanywa katika mikoa miwili, wa Dar es Salaam na wa Mpika, juu ya menejimenti kuna Bodi ya Wakurugenzi, na juu ya Bodi kuna Baraza la Mawaziri kutoka nchi zote mbili, upana wa njia ni milimita 1,067, tofauti na Reli ya Kati ya zamani yenye meta moja, kwa hiyo mabehewa ya kawaida hayawezi kuvuka kutoka reli moja kwenda nyingine. Ukurasa huo utakuokoa mara nyingi, kwa sababu mwanafunzi anayesema kwa kujiamini kwamba TAZARA ni shirika la Serikali ya Tanzania ameharibu uchambuzi wake wote wa utawala tangu sentensi ya kwanza.

Darasa likiwa kubwa na kila mwanafunzi akachagua taasisi yake, huwezi kuandaa kurasa mia mbili. Hapo ni bora kutoa orodha ya taasisi tano au sita zenye kumbukumbu za wazi. Mashirika ya umma ya Tanzania hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali chini ya Ibara ya 143 ya Katiba, na ripoti zake huwasilishwa bungeni na kupatikana kwa umma. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hulazimika kutangaza hesabu zilizokaguliwa. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya SACCOS ya mtaani kwao aruhusiwe, ila kwa sharti kwamba aambatishe nyaraka alizozitumia.

Soma kwanza bila kutoa alama

Chukua kazi kumi bila kuchagua, zisome kwa kasi ya kawaida, na usiandike alama yoyote. Lengo ni kuona upana wa darasa: iliyo bora ikoje, ya wastani ikoje, iliyokwama imekwama wapi. Baada ya hapo zigawe katika marundo matatu, kisha ndipo uanze kusahihisha kwa vigezo. Ukimaliza darasa zima, zirudie zile tano za mwanzo, maana ndizo zilizosahihishwa wakati kipimo chako hakijatulia.

Mkiwa wasahihishaji zaidi ya mmoja, kila mmoja asahihishe peke yake nakala za kazi tatu zile zile, halafu mkutane. Mkikuta kazi moja imepewa 48 na mmoja na 66 na mwingine, msigawanye tofauti katikati. Fungueni ukurasa uliowatenganisha na mbishane mpaka mjue kigezo gani kila mmoja amekisoma vingine. Kazi zibebe namba za usajili peke yake. Jina la mwanafunzi hodari wa kuuliza maswali darasani humwongezea alama bila msahihishaji kujua.

Maelezo na uchambuzi: aya mbili mkononi

Hapa ndipo alama 35 zinapopatikana au kupotea, na hapa panahitaji subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Nimetunga aya mbili za mfano juu ya jambo lile lile. Ya kwanza ni ya aina inayojulikana kwa kila aliyewahi kusahihisha:

"TAZARA ina udhaifu mwingi. Kwanza, ina uhaba wa mitaji. Pili, vichwa vyake vya treni ni vichache na chakavu. Tatu, wafanyakazi hawana motisha. Nne, kuna ushindani mkubwa kutoka kwa malori. Hivyo, menejimenti inapaswa kuongeza mitaji, kununua vichwa vipya, kuwapa wafanyakazi motisha na kukabiliana na ushindani."

Hakuna uongo ndani yake, na ndiyo maana msahihishaji mchovu huipa alama nyingi. Tazama lakini ilivyojengwa. Mambo manne yamepangwa kama watu wanne waliokaa kituoni bila kufahamiana. Mwandishi hakusema kama uchakavu wa vichwa unatokana na uhaba wa mitaji, kama kukosa motisha kunatokana na mishahara au na jambo jingine, wala kama malori yaliwachukua wateja au yaliwapokea baada ya reli kuwaacha. Mapendekezo nayo ni udhaifu ule ule uliogeuzwa ndani nje: palipoandikwa "uhaba" pameandikwa "kuongeza". Aya kama hiyo ina maelezo na haina uchambuzi, na katika alama 35 haistahili kuvuka 12.

Ya pili inasema hivi:

"TAZARA inamilikiwa na serikali mbili kwa hisa sawa, na si rahisi mmoja kuingiza mtaji mkubwa bila mwenzake kukubali kuchangia sehemu yake. Uamuzi wa kununua au kukarabati vichwa vya treni kwa hiyo hupita kwenye Bodi na Baraza la Mawaziri wa nchi mbili zenye bajeti na vipaumbele tofauti. Uamuzi unapochelewa, vichwa vilivyopo huharibika na safari hupungua, na mwenye shehena asiyejua treni itafika lini huamua kumpa mwenye lori. Mapato yakishuka, mishahara huchelewa, na wafanyakazi wa TAZARA wamewahi kugoma kwa sababu hiyo. Kwa mtazamo huu, sehemu ya ushindani wa malori inatengenezwa na namna uamuzi unavyofanyika ndani ya taasisi yenyewe."

Mambo ni karibu yale yale, lakini sasa yameshikana. Msomaji anaweza kuufuata mnyororo, akaupima kila pete, akasema ni pete ipi haiamini. Kazi inayokuruhusu kubishana nayo hivyo imechambua.

Usiishie hapo. Aya ya pili ni nzuri, ila ina pengo, na kazi ya msahihishaji ni kuliona. Umiliki wa nusu kwa nusu haukuanza juzi. Ulikuwepo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1980 reli hiyo iliwahi kubeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka ikiwa na wamiliki wale wale, na katikati ya miaka ya 2010 ilishuka hadi chini ya tani laki moja. Kama umiliki ndio sababu, kwa nini haukuizuia mwaka 1986? Mwanafunzi anayejiuliza swali hilo mwenyewe na kulijibu, akieleza kwamba wakati ule njia za kusini za kwenda baharini zilikuwa zimegubikwa na siasa za ubaguzi na vita, na kwamba zilipofunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zambia ikapata pa kuchagua, kwa hiyo udhaifu wa uamuzi uliokuwa ukifunikwa na mzigo wa uhakika ukajitokeza, huyo ameingia eneo la alama 30 na zaidi. Amepima maelezo yake dhidi ya maelezo mengine. Huo ndio uwezo ambao kozi nzima inajaribu kuujenga, na ukiuona hata katika kazi yenye makosa ya tahajia, ulipe.

Swali la kujizoeza kuuliza pembeni mwa ukurasa ni fupi: "Kama hivi ndivyo, mbona zamani haikuwa hivi?" au "Mbona taasisi nyingine yenye hali hii haikukwama?" Maswali hayo mawili yanafaa kwa benki, hospitali na chama cha msingi cha mazao sawasawa.

Majedwali na nadharia

Jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, lile wanafunzi wanalolifahamu kwa herufi SWOT, limekuwa kimbilio. Silipingi. Ila jedwali ni mahali pa kupanga malighafi, na mwanafunzi anayelibandika katikati ya kazi kisha akaendelea na sura inayofuata bila kulirejelea hajalitumia. Angalia kwanza kama ameelewa kwamba nguvu na udhaifu viko ndani ya taasisi, na fursa na vitisho viko nje. "TAZARA inaweza kununua vichwa vipya" si fursa, ni mpango. "Shaba ya Zambia na ya Kongo inahitaji njia ya kwenda baharini" ni fursa, kwa sababu ipo hata TAZARA isipofanya lolote.

Nguvu tano za ushindani za Michael Porter, mtaalamu wa mikakati ya biashara, alizozieleza mwaka 1979, zilitungwa kueleza faida katika sekta yenye makampuni yanayoshindana. Mwanafunzi anaweza kuzitumia kwa mamlaka ya umma, lakini unapaswa kumwona akisimama mahali fulani na kusema kifaa hiki kinabana wapi: mamlaka iliyoundwa kwa sheria za nchi mbili, yenye jukumu la kubeba abiria wa vijiji vya njiani hata pale nauli isipolipa, haiwezi kupimwa kwa faida tu. Asiposema hivyo, punguza alama. Akisema na kurekebisha, ongeza, hata kama marekebisho yenyewe si kamili.

Utamaduni wa taasisi ndiyo mada inayoharibiwa zaidi. Edgar Schein, mtaalamu wa utamaduni wa taasisi, aliugawa katika ngazi tatu: yanayoonekana kwa macho, yanayotangazwa, na yale yanayochukuliwa kuwa ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeyasema. Wanafunzi wengi hunakili dira, dhamira na maadili ya msingi kutoka tovuti ya taasisi, wakaandika kwamba utamaduni wake ni wa uwazi, weledi na kumjali mteja. Hiyo ni ngazi ya pili, tena kwa kauli ya taasisi yenyewe. Mwanafunzi aliyekaa stesheni siku treni imechelewa, akaandika nani aliwaambia abiria, alisema nini, baada ya muda gani, na abiria walilipokeaje tangazo hilo, ameanza kuigusa ngazi ya tatu. Nusu ukurasa wa uchunguzi wa namna hiyo una thamani kuliko kurasa nne za maadili ya msingi, na ni vizuri ulisemee hilo wazi kwenye vigezo vyako ili wanafunzi wajue kwamba kwenda kuona kunalipa.

Ushahidi

Katika kila kazi, chagua takwimu mbili na uzifuatilie hadi chanzo. Huhitaji zaidi ya mbili. Kosa linalojirudia kwa kazi za reli ni kuchanganya uwezo uliosanifiwa na mzigo uliosafirishwa: reli ya TAZARA ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, na mwanafunzi asiyesoma kwa makini huandika kwamba inabeba tani milioni mbili. Kosa hilo si la tarakimu tu. Linageuza hoja yote, kwa sababu umbali kati ya namba hizo mbili ndilo tatizo alilopaswa kulieleza.

Tarehe nayo ina uzito. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Kazi inayoandikwa leo na kupendekeza kwamba serikali zitafute mbia, bila kutaja kwamba makubaliano yapo, imetegemea makala za zamani. Mpe mwandishi alama za hoja yake, lakini kigezo cha ushahidi kimwonyeshe pengo hilo.

Mahojiano yapimwe kwa uangalifu. Mwanafunzi akinukuu ofisa rasilimali watu mmoja, hiyo ni sauti moja kutoka meza moja, na anapaswa kulisema hivyo. Anayefanya mahojiano mawili, moja na msimamizi na jingine na anayesimamiwa, kisha akaonyesha walipotofautiana, amefanya kazi ya kitafiti. Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye vigezo vya alama lakini linakuhusu wewe: ukikuta kazi imemtaja karani kwa jina na cheo akimlalamikia mkuu wake, iweke pembeni. Isipite mikononi mwa wengine, isiwekwe maktaba kama kazi ya mfano, na mwanafunzi aitwe afute utambulisho huo kabla kazi haijaendelea. Aliyefungua mlango kwa mwanafunzi mwenye barua ya utambulisho hakupaswa kupoteza kibarua chake kwa sababu ya insha.

Kuhusu wizi wa maandishi na programu za akili mnemba, vifaa vya kugundua peke yake visikufanye uamue hatima ya mtu. Vinakosea, na gharama ya kosa inaangukia kwa asiye na hatia. Njia ya uhakika zaidi ni kudai daftari la uwandani liwasilishwe pamoja na kazi, na kumwita mwenye kazi inayotia shaka kwa mazungumzo ya dakika kumi: umeipata wapi takwimu hii, ulikutana na nani, jambo gani lilikushangaza. Aliyekwenda stesheni hujibu bila kufikiri sana. Asiyekwenda huanza kueleza umuhimu wa usafiri wa reli kwa maendeleo ya taifa.

Mapendekezo

Sehemu hii huandikwa usiku wa mwisho, na inaonekana. Serikali iongeze bajeti, watumishi wapewe semina, elimu itolewe kwa wadau. Kila pendekezo lipitishe kwenye maswali manne: nani atalitekeleza, ana mamlaka hayo, fedha zitatoka wapi, na nani atapoteza likitekelezwa. "Menejimenti ya TAZARA inunue vichwa vipya" huanguka kwenye swali la pili, kwa kuwa mwanafunzi yule yule ameshaeleza ukurasa wa sita kwamba uamuzi wa mtaji uko juu ya menejimenti. Pendekezo linalopingana na uchambuzi wa mwandishi mwenyewe ni ushahidi kwamba uchambuzi huo hakuuamini, na hapo punguza alama pande zote mbili.

Swali la nne, la nani atapoteza, ndilo linalowatenganisha wazuri na walio bora. Kila utaratibu mbaya una anayefaidika nao, na mwanafunzi anayelijua hilo hatashangaa kwa nini utaratibu huo haujabadilika.

Lugha

Wanafunzi wetu wengi wa Tanzania huandika kazi hizi kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao walianza kuitumia kama lugha ya kufundishiwa walipofika sekondari. Msahihishaji asiyekuwa makini humwadhibu mwanafunzi mara nne kwa kosa moja: sentensi imepinda, kwa hiyo hoja anaiona dhaifu, ushahidi anauona hafifu, mapendekezo anayaona hayaeleweki, na alama za lugha anazikata tena. Ikiwa umesoma sentensi mara mbili na hoja ikaonekana, hoja hiyo ipo. Ilipe mahali pake, na lugha uikate ndani ya zile alama 10 tu. Kinyume chake ni hatari zaidi siku hizi, maana maandishi laini yasiyo na kosa hata moja yanaweza kupita kurasa kumi bila kutaja jambo lolote lililotokea mahali fulani, siku fulani, kwa mtu fulani. Kipimo cha kubadilisha jina kitayafichua.

Kuandika maoni

Mwanafunzi hasomi maoni ishirini. Andika matatu au manne pembeni, kila moja likiwa swali au agizo linalotekelezeka, na moja refu mwishoni. "Fafanua zaidi" halimsaidii mtu. Andika badala yake: "Umesema mishahara huchelewa na umesema treni ni chache. Lipi lilitangulia, na umejuaje?" Au: "Takwimu hii ni ya uwezo wa reli au ya mzigo uliobebwa? Rudi kwenye chanzo." Maoni ya mwisho yaanze na kitu mahususi ambacho kazi imekifanya vizuri, kwa kukitaja ukurasa wake, yataje udhaifu mmoja uliogharimu alama nyingi kuliko mwingine, na yamwambie mwandishi afanye nini katika kazi ijayo. Mistari sita inatosha. Usisahihishe sarufi ya kazi nzima. Sahihisha ya ukurasa mmoja kikamilifu, kisha mwachie zilizobaki.

Kazi zirudi kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Mwanafunzi akija kulalamikia alama, mwambie aje na kigezo kimoja anachoona hakikuhesabiwa sawa na ukurasa unaothibitisha hivyo. Ukikuta ana haki, badilisha, na uangalie kama wengine wenye hali ileile nao wameathirika. Zile zilizo kwenye mpaka wa daraja, kwa mfano zilizopata 68 au 69 mahali ambapo A huanzia 70, zisomwe upya na msahihishaji wa pili asiyeiona alama ya kwanza.

Baada ya kurudisha kazi, chukua saa moja na swali lako mwenyewe. Kama sehemu kubwa ya darasa iliandika historia ya taasisi kwa kurasa tano na kugusa uchambuzi katika moja na nusu, swali ndilo liliwaelekeza huko. "Jadili muundo, utamaduni na changamoto za taasisi uliyoichagua" huita orodha, na orodha ndiyo utakayopewa. Mwaka unaofuata liandike hivi: "Chagua uamuzi mmoja uliofanywa au ulioshindikana kufanywa katika taasisi yako ndani ya miaka kumi iliyopita. Eleza ulipitia mikono ya nani, ulichukua muda gani, nani alikuwa na uwezo wa kuuzuia, na kwa nini matokeo yakawa yalivyokuwa. Kisha eleza sababu nyingine inayoweza kutolewa juu ya matokeo hayo, na uoneshe kwa nini unaikubali au unaikataa." Liambatishe na vigezo na aya mbili za mfano, mojawapo ikiwa ni ile ya maelezo matupu, na kipindi cha kwanza cha muhula waache wanafunzi wazisahihishe wao kabla hujasema lolote.